Goti la Siogopi

Shemeji Hiza ni mtu wa kuvuta viungo. Kijana akiteguka mpirani, anaitwa yeye. Mguu unapakwa mafuta ya nyonyo, unavutwa, watu wanasema ahsante. Hapa Kwamsisi wamemsifia mpaka kavimba kichwa. Sasa nani alimwambia mbwa wangu ni mchezaji?

Siogopi ndiye mlinzi wa mahindi yetu. Bila yeye nguruwe pori hawaachi hata bua, na shamba lile ndilo chakula cha wanangu mwaka mzima. Aliporudi anachechemea, nilimwita bwana mifugo, Erasto. Alilishika goti taratibu, akausukuma mfupa wa chini kwa mbele. Ulisogea kidogo, ukazuiwa. Akanieleza kwamba ndani kuna kano inayoufunga mfupa huo na wa paja, nyuzinyuzi zilizosukwa kama kamba ya katani, na baadhi zimekatika. Zilizobaki zina nguvu ya kumsimamisha, ila hazitastahimili mbio wala kuvutwa. Afungwe, apumzike, mahindi yakianza kukomaa atakuwa kazini.

Nikamfunga kivulini. Nikamweleza mume wangu Habakuki, akaitikia vizuri tu. Nikaenda Korogwe kuuza maharage.

Narudi, Hiza yuko uani kwangu anakunywa chai yangu, na kamba ya mbwa imefunguliwa. Habakuki alikuwa amemwita kaka yake. Eti goti lilikuwa limetoka, na kaka mtu kalirudisha. Alivuta mpaka likalia, wakafurahi wote wawili. Jamani! Kilicholia ni ile kano.

Shikamoo sikumpa. Nililishika goti kama alivyofanya Erasto, mfupa ukateleza mbele kama droo ya kabati, hakuna cha kuuzuia. Hasira zilinipanda. Hiza akasema nisiwe na haraka, uvimbe utapungua.

"Shemeji, leo unahamia kwenye dungu la kulindia shambani," nikamwambia. "Nguruwe wakija, utabweka wewe mpaka tuvune."

Habakuki akafungua mdomo. Nikamwambia blanketi la kaka yake liko ndani, akalichukue, na lake pia.

Wakaondoka kweli, wamenuna. Nikakaa chini, machozi yananitoka. Siogopi alipoona Hiza kashika njia ya shamba, akainuka, akamfuata kwa miguu mitatu huku anatingisha mkia. Nikamwita. Hakugeuka, saa yake ya kwenda kulinda ilikuwa imefika.