Veranda ya Mwaka 1887

Jumamosi ile Mumbi alirudi kutoka kazini saa kumi jioni, miguu ikimuuma, akakuta veranda yake haipo. Mahali pake palikuwa na mteremko wa zege mbichi, kutoka ukingo wa barabara hadi mlangoni, na wanaume wanane wa kanisa wamesimama kando wakitabasamu, saruji imewajaa hadi kwenye nyusi.

"Sapraiz, Mama Ethan!" akasema Mzee Mutai, kiongozi wao. "Mama akifika Jumanne, ni kusukuma tu."

Huyo mama ni mkwewe, Wamaitha, aliyekuwa anakuja kutoka Nyeri kuishi nao, naye hatembei ila kwa kiti cha magurudumu. Ndirangu, mumewe Mumbi, alikuwa amekonda kwa kuwazia zile ngazi tano za mbele. Kumbeba mama yake mgongoni majirani wakitazama, alisema, ni aibu asiyoiweza.

Kwa ajili ya ngazi hizo Mumbi alihangaika miezi saba. Nyumba yao ya Takoma Park, huko Marekani, ilijengwa 1887, na kamati ya nyumba za kale haikuruhusu hata msumari bila maombi. Fomu ilirudishwa mara tatu. Mara michoro haitoshi, mara historia haitoshi. Basi Mumbi, muuguzi wa watu, akageuka mwanafunzi wa nyumba. Alijifunza kwamba reli ndiyo iliyouzaa mtaa wao, ikaleta mbao nyembamba zilizopasuliwa viwandani. Fundi wa enzi hizo akaachana na magogo mazito, akapigilia fremu nyepesi kwa misumari na kuchomoza mnara au dirisha popote alipotaka. Mashine za mvuke zikachonga nguzo za nakshi kwa maelfu, hata karani wa kawaida akaringia veranda ya madoido. Mumbi akaja kuzipenda zile nguzo, ingawa hakumwambia mtu. Wanaume wa kanisa waliona mbao tu. Kwao, anayeng'oa mbao akaweka saruji ameendelea maishani.

"Nguzo ziko wapi?" akauliza.

"Gitau huyu hapa amezipeleka dampo asubuhi na pikapu," Ndirangu akajibu kwa furaha kutoka katikati ya wenzake. "Hiyo committee ingetuzungusha mpaka mama azeeke tena. Nikasema tuorganize harambee ya mikono."

Mumbi alitamani kupiga mayowe. Alifungua mkoba, akatoa barua ya kamati, akaisoma kwa sauti kavu akiitafsiri: ombi limekubaliwa; njia ya kiti ijengwe kwa mbao ubavuni; veranda ya asili isiguswe.

Mutai akavua kofia.

"Wame-approve?" Ndirangu akauliza. "Hii barua imekuja lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi! Na hukuniambia?"

"Nilikuwa naiweka ya ushuhuda. Kesho, kanisani."

Alisikia upumbavu wa maneno yake yakimtoka kinywani. Alikuwa ameshachagua hata nguo na wimbo wa kuanzia. Siku mbili amelala kitanda kimoja na mumewe, barua iko mkobani, akingoja kupigiwa makofi na wanaume hawa hawa, ambao wangeijenga hiyo njia ya mbao kwa siku moja. Hakujua amkemee nani.

Jumatatu afisa wa ujenzi wa mji alibandika karatasi nyekundu mlangoni: pale mbele pasikanyagwe hadi pakaguliwe.

Jumanne Ndirangu akachuchumaa kando ya gari. Mama yake akamshika shingo, wakazunguka uani, wakapita mapipa ya taka, wakapanda ngazi za jikoni moja moja. Jirani aliyekuwa akikusanya majani makavu akasimama kuwatazama. Mumbi akafuata nyuma na kiti kitupu.

Wamaitha alipotulizwa kwenye kiti chake, akapanga leso yake magotini, akahema.

"Mwanangu," akasema, "ile njia nzuri ya kule mbele mmemjengea nani?"

Ndirangu akainama, akajifanya anakaza breki za kiti. Mumbi akafungua bomba, akaacha maji yafurike kwenye sufuria ya chai, ili asisikike akilia.