Ng'ombe za Papa Grégoire

Dada yangu Umutoni anasoma sixième primaire, darasa la sita, na tangu juma lililopita hajui kuhesabu hadi kumi. Si miye nasema. Mashine njo ilisema, na mashine ilitoka Goma, kwa hiyo inajua.

Kabla mashine haijakuja alikuwa anajua. Kila asubuhi yeye njo anapima maziwa yetu mu bidon, yeye njo anapatana bei na mununuzi, na mununuzi akileta ujanja anarudi nao kwake. Miye mwenyewe, na diplôme d'État yangu imetundikwa ukutani, nikipotea mu hesabu namuita yeye. Lakini nani ataamini maziwa mbele ya tablette?

Tablette zililetwa na Monsieur Delphin, kijana wa kizibao chenye mifuko mingi, ile mifuko ambayo haijawahi kuwekwa kitu. Alisimama mbele ya watoto akaeleza. Hii si examen, alisema. Ni kama daktari anavyopima damu: mashine inauliza, mutoto anagusa jibu. Akishinda inamupandisha, akishindwa inamushusha, mpaka ijue ugonjwa wake uko wapi. Halafu, kwa furaha yake, akaongeza maneno ambayo hakuna mutu alimuomba:

"Na kila kitu munajibu kinafika Goma. Kule bakubwa banaona yote."

Umutoni akapokea tablette kwa mikono miwili, kama anavyopokea kitu cha mugeni. Mashine ikamuuliza jina. Akajibu. Ikamuuliza kijiji. Akajibu. Ikamuuliza jina la baba. Akaandika Gasana. Kisha ikaleta picha ya kilima cha majani, kinachofanana na chetu kama pacha wake, ikauliza: Papa Grégoire ana ng'ombe kumi na mbili. Ameuza nne. Amebaki na ng'ombe ngapi?

Hapo dada yangu akaondoa kidole.

Lazima nieleze, maana labda unasoma haya mahali ambapo ng'ombe zinaonekana mu sahani tu. Huku Masisi, mutoto hajamaliza kuota meno, tayari anajua sheria moja: idadi ya ng'ombe haisemwi. Si za kwenu, si za jirani. Mugeni akiuliza ziko ngapi, unajibu "Ziko", kisha unamuuliza kama alilala vizuri. Zamani ilikuwa adabu tu. Siku hizi ni kazi ya ulinzi, maana ukitaja idadi leo, siku si nyingi watu wa bunduki wanafika wakijua mpaka ile yenye mimba. Jirani yetu mumoja alitaja zake ku harusi, amejaa furaha na bia. Leo analima viazi.

Sasa hii mashine, ambayo imekwisha kupata jina lako, kijiji chako na baba yako, inataka kujua ng'ombe za Papa Grégoire. Wewe ungejibu?

Umutoni akagusa pale pameandikwa "Sijui". Mashine ikamuhurumia, ikaleta swali jepesi zaidi: ng'ombe saba, zimezaa mbili. Sijui. Ikashuka ngazi, ikashuka tena, na kila ngazi ilikuwa na ng'ombe zake, maana mutu fulani mu bureau alifikiri watoto wa Masisi watafurahi kuona ng'ombe. Mwishoni ikamuonyesha tatu tu, zimesimama mu majani, zinamutazama. Sijui. Mashine ikakubali kwamba mugonjwa amekufa.

Hakuwa peke yake. Trésor, mutoto wa wakulima wa maharagi kule bondeni, ambaye mu vakansi za shule anachunga ng'ombe za watu, naye aligusa Sijui mpaka mwisho. Directeur wa shule, Papa Benoît, akatangaza matokeo: watoto wa Sijui watoke mu sixième, wakakae na watoto wadogo wa première mpaka mashine irudi mwaka ujao. Maana yake, mwaka huu kwao hakuna examen ya kumaliza primaire. Na magoti ya Umutoni hayaingii chini ya zile benchi.

Nyumbani Papa alisikiliza, akaweka kikombe chini.

"Miaka yote ile, na hajui kuhesabu," alisema. "Basi abaki hapa. Maziwa hayaulizake cheti."

Umutoni hakulia. Aliosha bidon, akaiosha tena, bidon ambayo ilikuwa safi tangu mwanzo. Miye ninayechekesha watu mpaka ku kilio cha mazishi, nikamufuata nje.

"Mashine ilikuuliza nini, kweli?"

"Ng'ombe."

"Ngapi?"

Akanitazama kama anatazama mwizi. "Kaka, na wewe?"

Nilicheka kidogo, kisha nikaelewa, na kicheko kikageuka hasira. Nikarudi ndani nikamueleza Papa. Akachukua kofia yake na fimbo. "Tuende," alisema.

Tulimukuta Delphin ku shule, akipanga tablette mu kesi ya chuma. Mutu wa pikipiki alikuwa anamungoja, na wazazi wengine walikuwa wamejaa kiwanja, kila mumoja na hasira yake.

"Papa Gasana," Delphin alisema, kwa upole wa mutu aliyesomea upole, "mashine haina ubaya na mutoto wako. Inapima tu."

"Ilimuuliza ng'ombe."

"Njo vile. Tulitafuta kitu batoto banajua. Mu Mpofi, kule Walikale, balijibu bila shida."

"Mpofi ni musitu, hawachungi ng'ombe, Monsieur," nilisema. "Ungewauliza tembo, wangekuhesabia mpaka mikia."

"Lakini ni ng'ombe za picha. Huyo Papa Grégoire haiko."

"Haiko, lakini kilima chake kiko. Geuka, kiko nyuma yako."

Delphin akapumua. "Bon. Tuseme ni wewe mwenyewe, Papa Gasana. Uko na ng'ombe ngapi?"

Mama mumoja akatazama chini kama vile Delphin amevua suruali mbele za watu. Papa akaegemea fimbo yake.

"Ziko," akajibu. "Ulilala vizuri?"

"Muandike," nikamwambia Delphin. "Papa Gasana, hajui kuhesabu hadi kumi. Na mumutafutie benchi ya première, yenye miguu migumu."

Watu walicheka. Delphin hakucheka. Alisema matokeo yamekwisha kwenda, système imefungwa, na akibadilisha kwa mutoto mumoja, données, yaani takwimu zao zote, zitachafuka.

Hapo njo nilipoacha mizaha.

"Données zenu ziko safi," nilisema. "Dada yangu njo muchafu. Alifundishwa kunyamaza ili tusilale njaa, na nyiye mumekuja na kalamu ya Goma kumuandika mujinga. Mashine inayotafuta ugonjwa, ilishindwa kuuliza hata mara moja kwa nini mutoto anaogopa?"

"Shyaka, polepole," Papa Benoît alisema, macho ku viatu vyake. "Hawa njo banatuletea vitabu."

Umutoni alikuwa ametufuata tangu nyumbani. Akasogea mbele, mikono nyuma, kama mu darasa.

"Monsieur Delphin, naomba kuuliza. Mule mu kesi, tablette ziko ngapi?"

Delphin akafungua kinywa. Alijua, si yeye njo alikuwa anazipanga? Lakini macho yake yakaenda kwa mutu wa pikipiki, ambaye aliacha kupangusa taa yake. Kisha yakateremka mpaka ku barrière ya barabarani, pale wanakaa wale wa bunduki ambao hakuna mutu anawasalimia bila sababu. Mumoja wao alikuwa amesimama, anatutazama. Na njia ya kushuka Sake mpaka Goma ni ndefu, ina makona na miti.

Akafunga kesi.

"Ziko," alisema.

Hakuna aliyecheka. Papa Benoît alimutazama Delphin, akanyoosha mabega, na miye niliona kwa mara ya kwanza kwamba ni mutu murefu.

"Umutoni, ingia mu sixième," alisema. "Trésor naye, na wengine. Examen watafanya."

"Directeur, mu système watabaki na sifuri," Delphin alisema.

"Ibaki nazo. Wewe pia leo umepata yako."

Basi dada yangu yuko mu sixième. Lakini Goma, ndani ya mashine ambayo wakubwa wanaona yote, kuna mutoto wa Gasana asiyejua kuhesabu hadi kumi, na hakuna aliyeturudia kuomba msamaha. Nasikia sasa zile tablette zimepelekwa Buleusa. Sijui wamewawekea wanyama gani.

Jioni ile ng'ombe zilipokuwa zinaingia, Umutoni alisimama ku mulango wa boma kama kawaida, midomo imefungwa. Ya mwisho ikapita. Akashusha mti wa kufungia.

"Zimeingia?" Papa aliuliza.

"Zote," alijibu yule asiyejua kuhesabu.