Wanalala Wangapi

Nipe sikio nikutege. Ndugu wawili wamezaliwa siku moja na wameunganishwa na mshipa mmoja. Mmoja anakaa ndani, mtaratibu, anapuliza baridi. Mwenzake kafungiwa nje juani, ananguruma, anapuliza moto. Ukiukata huo mshipa, wote wawili kwisha kazi. Ni nini?

Ukishindwa nipe mji, ila mji wenyewe nitauchagua mimi, nao uwe na kivuli.

Mdogo wangu nilimtega hiki hiki asubuhi moja, kainamia cherehani yake anamalizia pindo la pazia la mteja. Hata kichwa hakuinua.

"Mume na mke," akasema.

"Umekosa. Ni kiyoyozi. Kile cha vipande viwili, kimoja chumbani, kimoja ukuta wa nje. Ndicho tunachokwenda kukitafuta leo, na wewe hukijui."

Akakata uzi kwa meno. "Sijaona nilipokosea, dada."

Nikamwashiria apunguze sauti, maana mumewe alikuwa sebuleni, na nyumba ile neno halina pa kujificha.

Huyo mumewe, shemeji yangu, alikuwa mwoka mikate. Mtaa mzima ulimwita Hamira, kwa kazi yake na kwa jinsi alivyokuwa akivimba ukimsifu. Siku moja alitoka kwenda kwenye tanuri akapitiliza, akaenda kuishi na mwanamke mwingine upande wa pili wa mji. Hakuaga. Wembe wake wa ndevu ulibaki bafuni ndani ya kikombe mpaka ukala kutu. Miaka ikapita, mtoto wao wa kike akakua akapata kazi ya ukarani, mdogo wangu akashona nguo za watu, na jina la Hamira likawa halitajwi pale nyumbani.

Kumbe ule unga wa ngano aliokuwa akiuvuta puani tangu ujana ulikuwa unamkaa kifuani. Tanuri likamshinda. Yule mwanamke naye akachoka kusikiliza kikohozi. Akamleta kwa teksi, akamteremsha mlangoni na begi la nguo na mfuko wa dawa, akagonga. Mdogo wangu alipofungua, teksi ilishakata kona.

Wewe ungefanya nini? Yeye alimwonyesha kochi la sebuleni. "Kaa hapo," akamwambia. Basi akakaa hapo, akala hapo, akalala hapo. Mdogo wangu alimpikia, alimfulia, alimpimia dawa zake kwa kijiko. Lakini mlango wa chumba chake cha kulala aliufunga kila jioni, nasi sote tulisikia komeo linavyoingia.

Halafu joto likaja. Sebule ile haina dari, juu ni bati tupu, na jua la alasiri linaupiga ukuta wake mpaka ukiugusa unatoa mkono. Shemeji akawa anahema kama mtu aliyepanda kilima na hali kalala. Daktari akasema awekwe mahali pakavu pa baridi, la sivyo joto litamuua kabla ya ugonjwa. Ndipo binti yao akasema kiyoyozi atanunua yeye, mama yake aseme tu kitafungwa wapi.

Mama yake hakusema.

Dukani tulikwenda watatu, mimi, mdogo wangu na binti. Mashine zimepangwa ukutani juu kama meno, nyeupe zote, na moja imewashwa. Nikavuta kiti nikakaa chini yake.

"Niacheni hapa," nikawaambia. "Mtanipitia mvua zikianza."

Fundi wa pale akacheka. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, penseli nyuma ya sikio. Akamwuliza binti nyumba imekaaje, na binti akamweleza. Sebule haina mlango, imetenganishwa na jikoni kwa pazia, na juu ya madirisha kuna matofali ya matundu.

"Hapo utapoza mtaa mzima," fundi akasema. "Chumba kingine?"

"Kuna cha cherehani, lakini kuta zake zote zimegusana na za majirani."

"Kile kipande cha nje kitatundikwa wapi sasa? Hapana. Kingine?"

"Kuna chumba cha mama."

"Haya. Hicho kina dari?"

"Kina dari."

"Jua linakipiga lini?"

"Asubuhi tu."

Akauliza urefu na upana, akauliza dirisha, akauliza kama kuna friji au pasi humo ndani. Binti akajibu yote. Kisha fundi akamgeukia mdogo wangu, maana chumba ni chake.

"Na wanalala wangapi, mama?"

Binti akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba. Mimi nikaitazama ile mashine juu yangu kana kwamba ndiyo imeulizwa.

"Hii inapiga kelele?" mdogo wangu akasema.

"Haipigi. Nauliza kwa sababu mwili wa mtu nao ni jiko, mama. Chumba chenu kwa hesabu yangu kiko mpakani. Akilala mmoja, inatosha hii ndogo. Wakilala wawili, tupande inayofuata."

"Si tuchukue kubwa tu, yaishe?" binti akasema.

"Wengi wanadhani hivyo. Kubwa ikizidi, inapoza upesi inazima kabla haijaikausha hewa. Utapata baridi na unyevu, shuka kama limeanuliwa kabla ya kukauka. Ndogo nayo ikizidiwa inahangaika mchana kutwa na haifiki."

"Na zile zinazojipunguza zenyewe?"

"Nazo zina mwisho wao. Ndiyo maana nauliza wanalala wangapi."

Mdogo wangu akasimama, akapiga vumbi gauni lake, na vumbi halikuwepo. "Njoo upime kwanza," akamwambia. "Chumba ukikiona utakijua."

"Chumba nitakiona, mama. Watu sitawaona."

Tukatoka, na kule nje joto likatupokea kama mtu tunayemdai siku nyingi anayejifanya kafurahi kutuona.

Tulipofika nyumbani Shemeji alikuwa kochini, kitambaa cha maji kifuani, dirisha wazi, na hakuna kinachoingia isipokuwa makelele ya watu. Mimi na yeye tumetaniana tangu siku ya posa, na hata alipoondoka nilibaki na matani yake mdomoni bila pa kuyatua.

"Hamira, bado uko? Nilidhani umeshaumuka ukamwagikia barabarani."

"Hamira imeisha nguvu, shemeji. Limebaki donge." Akavuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Mmepata hilo jokofu la watu?"

"Tumepata. Fundi anakuja kesho kupima."

Akaangalia upande wa jikoni, ambako mkewe alikuwa anasukuma sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akapunguza sauti.

"Mwambie fundi aandike mmoja. Nimesikia mnavyonong'ona pale mlangoni. Mimi nitalala hapa hapa, nitageuza kichwa upande wa chumba chake. Chini ya mlango si kuna mwanya? Utanifikia upepo kidogo."

Mtu mzima aliyekuwa akibeba magunia ya unga mawili mawili, sasa anahesabu mwanya wa chini ya mlango.

Jikoni nilimkuta binti amesimama mbele ya mama yake.

"Mama, baba atakufa pale sebuleni."

"Nimekuzuia kununua?"

"Hujanizuia. Hujasema."

"Na akifia chumbani kwangu, baadaye mimi nitalala wapi? Umeliwaza hilo?"

Binti akaenda kumbadilishia baba yake kile kitambaa. Mdogo wangu akaketi juu ya kigoda. Uso wake ulikuwa wa jivu.

"Dada, wewe unajua kitanda changu kilivyokaa. Upande mmoja ukuta. Tangu niolewe mimi nililala ukutani, yeye upande wa nje, kwa sababu ya kuamkia tanuri. Alipoondoka nikaendelea kulala ukutani. Peke yangu, dada, kitanda kizima, na mimi nimejibana ukutani kama kuna mtu. Nikigeuka usiku najizuia nisimwamshe."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Nilicheka mwenyewe. Nikawa kila siku nasema leo nahamia katikati, nikiingia kitandani mwili unakwenda wenyewe ukutani. Unajua ilinichukua muda gani kuhamia katikati? Mtoto alikuwa ameshavunja ungo. Asubuhi moja nikaamka nikajikuta pale katikati, mikono nimetanua. Nililia siku ile kuliko siku aliyoondoka." Akajifuta pua kwa ncha ya khanga. "Sasa mnataka nirudi ukutani."

"Mimi sijasema neno."

"Umekaa kimya kwa kelele sana, dada."

Nikachukua kisu nikamsaidia kumenya vitunguu, angalau tuwe na sababu ya macho yale.

Fundi akaja kesho yake jua likiwa limeshaanza kukasirika. Hodi, karibu, akapita sebuleni akamsalimia Shemeji, akaingia chumbani na kanda yake ya kupimia. Binti alikuwa kazini. Mimi nikasimama mlangoni.

Kilikuwa chumba cha mtu mmoja, hakuhitaji kuambiwa. Kitanda kipana ubavu ukutani, na katikati yake mto mmoja, umetandikwa vizuri kama kitu cha dukani. Kabati, kioo, viatu jozi mbili chini ya dirisha. Fundi akapima, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole akisikiliza. Akasema yule wa nje atakaa nyuma ya dirisha, yule wa ndani juu ya mlango, hapo ndipo bomba litakapopita bila kubomoa sana.

Tulipokuwa hapo kikohozi cha sebuleni kikaanza. Kikapanda, kikapanda, halafu kikazimika ghafla, kama redio iliyowekewa mto juu. Nikageuka kutazama. Ndivyo ilivyokuwa. Shemeji alikuwa amejikandamiza mto wa kochi usoni kwa mikono miwili, mabega yanaruka, asisikike. Alikuwa hataki kikohozi kimwombee chumba.

Mdogo wangu hakuwa na haja ya kuchungulia. Alisimama mkono juu ya kabati, akisikiliza ile sauti isiyotoka.

"Fundi," akasema, "ikikaa hapo juu ya mlango, upepo wake utapiga upande gani wa kitanda?"

"Huu wa nje, mama. Ukutani hautafika moja kwa moja, utafika ubaridi tu."

"Na mwenye kifua kibovu?"

"Mwenye kifua asipigwe na upepo. Huyo alale ukutani."

"Ukutani."

"Ukutani, mama."

Akakitazama kitanda muda mrefu. Fundi alikuwa na adabu, akajifanya anapima tena dirisha alilokwisha kulipima.

"Kwa hiyo wa huku nje ni mimi," mdogo wangu akasema. Hakuwa akimwambia mtu. "Safari hii akitaka kutoka itabidi aniruke."

Mimi nilicheka, nikaona yeye hacheki, nikaacha.

"Simsamehe, dada. Usije ukaenda kuwaambia watu kwamba nimemsamehe."

"Sitawaambia."

Fundi akaikunja kanda yake taratibu. Akaitoa penseli nyuma ya sikio, akasafisha koo.

"Mama, niwie radhi. Lile swali la dukani bado unalo. Nikileta ya wawili halafu ikaja siku chumba kina mmoja, itakuwa kubwa. Baridi itamzidi. Sitaki uje uniambie sikukueleza."

Sebuleni mto ulikuwa umeondolewa, maana tulisikia pumzi inaingia kwa shida, kama mtu anayevuta kitu kizito chini ya mlango. Mdogo wangu akainama, akaokota mto wake pale katikati ya kitanda, akausogeza upande wa nje. Nafasi iliyobaki ukutani akaipangusa kwa kiganja, mara moja, mara mbili, kama anavyopangusa kitambaa kabla ya kukikata.

"Wanalala wawili," akasema. "Siku akibaki mmoja, atajifunika."