Ngumi ya Jiliwa

Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kuunga mabati membamba ya alumini, yale yanayokwenda kujengea mabodi ya malori ya kubebea maziwa na dawa. Hakutumia moto. Mashine yake ilikuwa na pini fupi ya chuma kigumu, ambayo iliteremka ikizunguka kwa kasi pale kingo za mabati mawili zilipokutana, ikayasugua mpaka yakalainika kama nta, ikayakoroga pamoja, kisha ikasonga mbele. Nyuma yake ulibaki mshono wenye mistari myembamba iliyolaliana kama magamba ya samaki. Hapakuwa na cheche wala moshi. Wageni walioitembelea karakana walidhani mashine haijawashwa.

Kazi ya mumewe ilikuwa kubana. Bati jembamba likisuguliwa hukimbia, kwa hiyo lazima likandamizwe mezani kila upande mpaka lisiweze hata kutikisika. Mumewe alikaza nati kwa spana ndefu, na hakuna bati lililowahi kumponyoka. Wenzake walimwita Jiliwa, kama kile kifaa cha mezani kinachobana chuma kisubiri tupa. Jina lilimpendeza. Hata mama yake mzazi alilitumia.

Jiliwa alimpiga mkewe, na hakuna aliyekuwa hajui. Hakumpiga ovyo. Alikuwa na mahali pake maalumu, mgongoni, chini ya bega la kushoto, kwa sababu pale palifunikwa na ovaroli. Wala hakupiga akaondoa mkono. Ngumi ikishatua aliikandamiza na kuizungusha taratibu, kama mtu anayezima sigara, mpaka mkewe apige magoti. Sababu zilikuwa chumvi, simu iliyoita mara moja ikakatika, kucheka, kunyamaza. Siku moja msimamizi aliwakuta nyuma ya rafu za mabati. Aliwaambia kwamba mambo ya nyumbani yana nyumba yake, akawaomba wamalize upesi kwa kuwa lori lilikuwa linasubiri.

Ilitokea wakati wa chakula cha jioni. Mmoja wa mabinti zao pacha, wa darasa la tatu, alimwaga maji juu ya simu ya baba yake. Jiliwa alinyanyua mkono. Mama Pacha alijisogeza katikati, akamfunika mtoto kwa kifua na kumpa mumewe mgongo. Ngumi ikatua palepale pa siku zote. Ikakandamiza, ikazunguka, na kwa kuwa mgongo haukuwa ndio uliokusudiwa, Jiliwa alikuwa na hasira ya ziada, akazungusha zaidi ya kawaida. Mama Pacha alisikia joto. Halafu akasikia ngozi ikilainika, kisha kitu kikitembea ndani yake kwa duara, kikikoroga, na akakitambua kama mtu anavyotambua sauti ya mashine yake mwenyewe katikati ya mashine nyingine.

Jiliwa alipotaka kuuondoa mkono, haukuja.

“Usivute,” Mama Pacha alisema. “Kiungo bado ni cha moto. Ukivuta kitachanika pembeni.”

Jiliwa akavuta. Ngozi ya mgongo ikachanika pembeni ya kiungo, damu ikashuka mpaka kwenye mkeka, lakini kiungo chenyewe hakikuachia. Alimwekea mkewe mguu kiunoni ili apate nguvu, akavuta tena, pakachanika upande wa pili. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, alitoka jikoni na mafuta ya kupikia, akayamimina, akasugua kwa sabuni, akashindwa. Aliketi kwenye kochi akihema.

“Mpe mumeo mkono wake,” alimwambia mkamwana.

Mama Pacha alijibu kwamba hajaushika. Mama mkwe alisema ndiyo tabia yake tangu alipoolewa, kung'ang'ania vitu. Pacha walipelekwa kulala.

Asubuhi walikwenda kazini, mke mbele na mume nyuma, mkono umenyooka, kama mtu anayesukuma toroli. Majirani waliwasalimu. Muuza magazeti aliwaambia kwamba sasa wamekuwa mwili mmoja kweli, na Jiliwa akacheka kidogo kwa heshima. Karakanani msimamizi alileta tochi. Aliinama, akapitisha ukucha kwenye mduara wa kiungo, hakukuta tundu wala ufa, akasema kwamba hiyo ni kazi safi. Kisha akagundua kuwa mtu wa mkono mmoja hawezi kubana. Kwa hiyo Mama Pacha akapewa kubana na kuunga pia, na Jiliwa akapewa stuli.

Mkono ulionasa ulikuwa wa kulia. Jiliwa alijifunza kutumia wa kushoto, nao haukuwa na shabaha. Ulipiga sikio, taya, jicho. Kwa mara ya kwanza alama zilikaa mahali ambapo ovaroli haifiki, na wenzao wakawa na kazi kubwa zaidi ya kutazama pembeni.

Kikao cha ukoo kiliitishwa. Walikuja baba wadogo wa Jiliwa, na baba mzazi wa Mama Pacha, ambaye alivaa koti lake zuri. Mama Pacha naye alikuwepo, kwa kuwa mkono wa mumewe ulikuwepo. Daktari aliyealikwa alieleza kwamba njia ni kukata tu, na kwamba kisu kinaweza kupita pande mbili. Kikipita upande wa mume, kitaondoka na mishipa ya vidole. Kikipita upande wa mke, kitaondoka na kipande cha mgongo cha ukubwa wa kisahani cha chai. Baba wadogo walijadiliana kwa utulivu. Mkono una kazi nyingi, walisema, na mgongo hata mwenyewe hauoni. Wakamgeukia baba yake Mama Pacha, wasikie anasemaje.

Mzee aliuliza kama binti yake ataweza kubeba vitu vizito baadaye. Daktari alisema ataweza.

“Basi sina neno,” mzee akasema, akafunga kifungo cha koti.

Daktari alikata. Mkono wa Jiliwa ulitoka ukiwa umevaa kipande cha mkewe juu ya vifundo vya vidole, ngozi ya maji ya kunde juu ya mkono mweusi, pamoja na alama ya kuzaliwa iliyokuwa chini ya bega. Daktari alisema kitakauka na kudondoka chenyewe. Hakikukauka. Kilishika damu, kikanawiri, kikaota vinyweleo laini.

Mama Pacha alirudi kazini kabla kidonda hakijafunga vizuri. Akiwa ameinamia mashine alianza kusikia baridi ya spana, ukali wa nati, joto la kikombe. Alijua Jiliwa amefungua bomba au ametia mkono mfukoni. Kila kilichogusa ile ngozi alikisikia yeye. Akafanya kosa la kumwambia mumewe. Jiliwa alimwamuru aende jikoni, yeye mwenyewe akabaki kwenye kochi, akaupiga ukuta. Mama Pacha akaanguka juu ya masufuria. Jiliwa hakusikia chochote, kwa kuwa ngozi haikuwa yake. Tangu hapo hakuwa na haja ya kunyanyuka. Alipiga ukuta akiangalia taarifa ya habari, alipiga nguzo ya geti akiondoka, akapiga pembe ya meza ya chakula taratibu, kama mtu anayefuatisha muziki, huku mkewe akiosha vyombo na kuvivunja. Mama mkwe alilalamika juu ya vyombo.

Siku ya mambo makubwa Jiliwa alikuwa likizo. Mama Pacha alikuwa katikati ya mshono mrefu aliposikia kitu ambacho hakikuwa ukuta wala nguzo. Kilikuwa kidogo, laini, chenye uvuguvugu, na nyuma ya ulaini ule kulikuwa na meno. Alinyanyua pini kabla ya wakati. Bati likabaki na tundu, msimamizi akamwita, naye akampa kisogo na kuondoka na ovaroli yake, bila kuomba ruhusa.

Alimkuta mmoja wa pacha ameketi kizingitini, kidevu kimejaa damu, jino limo kiganjani. Mwenzake alikuwa amemshika bega. Mama mkwe alisema mtoto ameanguka. Mama Pacha aliingia ndani, akachukua spana iliyokuwa juu ya kabati, akampiga nayo Jiliwa begani, na mfupa ukalia. Hakupata nafasi ya pili. Jiliwa aliidaka spana kwa mkono wa kushoto na kwa mkono wa kulia akampiga mkewe kifuani, na Mama Pacha akapata maumivu mara mbili, ya kupigwa na ya kupiga.

Kikao kikaitishwa tena. Walimuuliza mtoto nani amempiga. Mtoto alisema ni baba. Jiliwa, ambaye bega lake lilikuwa limefungwa bendeji, hakubisha. Aliweka tu ngumi mezani, akawaomba wazee watazame wenyewe ni ngozi ya nani. Ngumi ikasogezwa chini ya taa. Baba wadogo walivaa miwani, wakaigeuza huku na huku. Baba mzazi wa Mama Pacha aliitambua ile alama ya kuzaliwa. Alikuwa akimwogesha binti yake akiwa mchanga, alisema, hawezi kuikana. Hivyo ikaonekana wazi kwamba aliyemgusa mtoto ni mama yake. Wakamtaka aombe radhi.

Mama Pacha alimtazama mtoto, mdomo umevimba kama kitumbua. Akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili.

“Nisamehe, mwanangu.”

Mtoto aliwatazama wazee mmoja mmoja, asijue anatakiwa kujibu nini. Akasema amemsamehe. Baba wadogo waliridhika, wakanywa chai, wakaaga.

Wiki hiyohiyo, Jiliwa akiwa hospitali kuangaliwa bega, Mama Pacha alitia nguo za watoto kwenye mfuko, akawachukua shuleni kabla ya kengele, akaenda nao kwa shangazi yake katika mji mwingine. Hakukamatwa njiani wala hakufuatwa. Alipata kazi kwenye karakana ya matangi ya maji. Mwanzoni ukuta ulikuja mara kwa mara, akiwa sokoni, akiwa bafuni, na alijifunza kushika kitu kilicho karibu asianguke. Baadaye ukuta ulipungua. Bila mtu wa kutazama akianguka, Jiliwa hakuona ladha yake.

Halafu jioni moja alisikia mgongo. Ulikuwa mwembamba kuliko wake, umevaa kitambaa cha pamba, na ngumi ilikuwa imetua chini ya bega la kushoto. Ikakandamiza, ikaanza kuzunguka.

Alikwenda kituo cha polisi. Askari alimsikiliza vizuri, akamuuliza jina la anayepigwa. Mama Pacha alisema halijui, anaujua mgongo tu. Askari alimshauri arudi akishalipata jina. Mama Pacha akampigia simu mama mkwe, akamwomba amwambie mwanawe amwache mtoto wa watu.

“Ngozi ni yako,” mama mkwe alisema. “Izuie wewe.”

Sasa wanakula mapema, kwa sababu mambo hayo huja baada ya taarifa ya habari, lakini si siku zote. Jana kijiko kilisimama kabla hakijafika mdomoni. Pacha waliacha kutafuna.

“Ukuta?” aliuliza aliyeng'oka jino.

“Si ukuta.”

Walisubiri. Mama Pacha alishika ukingo wa meza mpaka ngumi ya kule ng'ambo ikamaliza kuzunguka.

“Samahani, mwenzangu,” alisema, bila kumtazama mtu, akaomba asogezewe chumvi.