Uvivu wa Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Mama Mikate, na tangu mwanawe fundi umeme aoe, mtaa mzima ulijua pia kwamba mkwe wake ni mvivu. Habari hizo alizitoa mwenyewe. Akiwafungia wateja mikate, aliwavunja mbavu kwa kumwiga yule binti anavyobeba trei moja tu kupeleka kwenye tanuri, kisha anaegemea ukuta akihema. Alimpachika jina la Bibi Pumzi, na wateja wakalidaka.

Mkwe hakuwa mtu wa kujibu. Alicheka kidogo pamoja nao, akarudi kwenye unga. Mchana alijilaza juu ya magunia, na mara nyingine Mama Mikate alimfuma akitafuna mchele mbichi kwa kificho. Hilo nalo likaingia kwenye vichekesho vya dukani.

Siku moja mkwe alimfuata jikoni, akaurudisha mlango, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba siku zake zikija damu humtoka nyingi mno, hadi anaogopa kukaa kwenye viti vya watu, na sasa moyo humwenda mbio hata akiwa amelala. Aliomba ruhusa aende hospitali kesho yake. Bahati mbaya, kesho yake kulikuwa na mikate ya harusi.

"Kila mwanamke anatoka damu, mwanangu," alisema Mama Mikate bila kuinua macho. "Mimi nimezaa watano, na sijawahi kulala juu ya gunia."

"Sawa, mama," mkwe akaitika, akachukua chekeche.

Wiki iliyofuata alianguka mbele ya tanuri. Mama Mikate alimwinua, akashangaa alivyo mwepesi. Alipompangusa unga viganjani, chini yake kulikuwa kweupe vilevile.

Hospitalini daktari aliwaeleza taratibu. Kizazi cha mkwe kilikuwa na uvimbe; si saratani, ni ule unaowapata wanawake wengi. Kila mwezi ulimtoa damu nyingi kuliko mwili ulivyoweza kuirudisha, na mtu akiishiwa damu huhema, husinzia, na moyo hukimbia. Mama Mikate, akitafuta pa kujitetea, akauliza kuhusu ule mchele. Daktari akasema hata huo ni dalili: mwili ukikosa madini ya chuma, wengine hutamani mchele mbichi, wengine udongo, wengine barafu.

Karibu kila alichokitaja daktari, Mama Mikate alikuwa amekwisha kukichekea mbele ya watu.

Mkwe akaongezwa damu. Jioni mumewe, ameketi ukingoni mwa kitanda, alimuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Nilidhani yatapita," mkwe akajibu, wala hakumtazama mama mkwe wake.

Mama Mikate angeweza kunyamaza, mambo yakaishia hapo. Badala yake akasogea karibu na kitanda.

"Alisema. Aliniambia mimi, nikamzuia kwa ajili ya mikate."

Mwanawe aliinuka, akatoka nje ya wodi. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimtangulia bila kugeuka. Heri angefoka.

Mkwe alipopewa vidonge na tarehe ya upasuaji wa kuutoa uvimbe, aliomba akapumzike kwa mama yake mzazi. Mama Mikate alimbebea begi hadi kwenye gari, akamwomba radhi pale pale, mlango ukiwa wazi.

"Nimesikia, mama. Nitarudi," mkwe alisema. "Ila kwa sasa nataka kukaa kwa mtu asiyenihesabia usingizi."

Dukani wateja walipouliza Bibi Pumzi yuko wapi, Mama Mikate aliwaambia kwamba mkwe hakuwa mvivu, alikuwa mgonjwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kumcheka. Wengine waliinamisha macho. Mmoja alidai chenji yake, akaondoka.

Upasuaji ulikwenda salama. Mkwe alirudi akiwa na rangi mashavuni, na sasa ndiye anayeamua lini afanye kazi na lini apumzike. Wanaongea vizuri, hata kucheka wanacheka. Lakini akilala mchana, Mama Mikate huacha unga uliokandwa mezani, akaenda kusimama mlangoni mwa chumba chake, mikono imejaa unga, akimsikiliza anavyopumua.