Kitufe cha Dada Hsia

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, Shih Pi-hsia alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kioo wa kiwanda cha vali za gesi huko Lukang, mkononi kikombe cha maziwa ya soya, akingoja mtu aje. Mlango ulikuwa wa kufunguka wenyewe, lakini haukuwa ukimtambua. Meneja Hung wa usafirishaji alipofika, mlango ukafunguka, na Pi-hsia akapita nyuma yake upesi kabla haujajifunga. Hung hakumsalimu. Hakuwa na ubaya naye asubuhi hiyo, hakumwona tu.

Pi-hsia alikuwa wa kijivu. Ngozi, midomo, nywele, hata nguo baada ya kuzivaa, vyote vilikuwa na kijivu kilekile cha madirisha ya programu ya kiwanda. Jambo hilo lilianza miaka ishirini na minne nyuma, mwaka ambao programu iliwekwa kwenye kompyuta, yeye akiwa mkaguzi wa ubora mwenye miaka thelathini. Kila mkaguzi alikuwa na kitufe kwenye skrini kilichoandikwa Simamisha Mzigo. Mwezi wa Oktoba kitufe cha Pi-hsia kilififia, kikawa hakibonyezeki. Wiki iliyofuata zikafifia kucha zake, kisha viganja, na kabla ya mwaka mpya alikuwa amefifia mwili mzima. Daktari alimpima damu, akasema ni nzuri, akampa vidonge vya kuongeza chuma.

Sauti nayo ilipungua. Akisema jambo mkutanoni, watu walimjibu aliyekaa kando yake. Basi akaacha kusema, akabaki anapima. Kila siku alipima vali, akaandika “inavuja” kwa zinazovuja, na kila siku mizigo iliondoka kama ilivyopangwa.

Mwaka wa ishirini na nne walikuja wanunuzi kutoka Osaka. Mmoja wao aliitazama skrini ya ghalani, akauliza kwa adabu kama hapo ni kiwandani au ni makumbusho. Mwenye kiwanda, Tajiri Ko, hakulala vizuri siku tatu. Ya nne akamwita mtu wa programu kutoka Taichung, Mhandisi Yu Cheng-yan.

“Kiini usikiguse,” Tajiri Ko alimwambia. “Programu yenyewe inafanya kazi kuliko mimi. Ibadilishie sura tu: vitufe, menyu, majedwali, rangi. Wageni wanarudi tarehe ishirini.”

“Rangi gani, Tajiri?”

“Yoyote. Isipokuwa hiyo.”

Yu alitaka kukaa na mtu anayeitumia programu kuliko wote. Meneja Hung akamwonyesha pembeni, karibu na dirisha. “Data nyingi zinatoka pale. Ila hakuna mtu pale, Mhandisi. Zinaingia zenyewe.”

“Zenyewe?”

“Miaka yote. Ni mtambo mzuri sana.”

Yu alichukua stuli yake akaenda. Alikuwa na miaka kumi na mitano ya kutazama vitufe vilivyofifia katika viwanda vya wilaya nzima, na macho yake yalikwisha kuzoea kijivu. Akamkuta mwanamke wa makamo anakula andazi la mvuke.

“Habari za asubuhi, Dada. Nimeambiwa hakuna mtu.”

“Ndivyo wanavyosema. Kaa. Angalia tu usikalie mkoba wangu. Juzi wamenipigia deki mpaka magotini.”

Walifanya kazi siku tisa. Yu aliuliza, Pi-hsia akajibu, na ikaonekana kwamba alikuwa na majibu ya miaka ishirini na minne. Alitaka maandishi yanayosomeka bila kukunja uso. Alitaka tarehe ziwe za kuchagua kwenye kalenda, si za kuandika tarakimu nane na kuanza upya ukikosea moja. Alitaka jedwali ambalo mzigo unaovuja utang’aa rangi nzito, hata anayepita njia auone. Na juu ya jedwali alitaka mahali pa kutafuta, kwani programu ya zamani ilikuwa ikifunua kumbukumbu ukurasa mmoja mmoja, na hakuna aliyewahi kuvuka wa arobaini. Yu aling’oa vya zamani kimoja baada ya kingine akapachika vipya. Kila kipya kilipofunguka, Pi-hsia aliinama kukitazama kwa karibu, kama anayechagua samaki sokoni.

Siku ya saba alinyoosha kidole kwenye kitufe chake kilichofifia. “Na hiki?”

“Kimefungwa,” Yu akasema. “Kwa nini?”

“Nilidhani ni kwa sababu ya cheo changu.”

Yu alifungua msimbo wa programu akatafuta sheria ya vyeo. Haikuwapo. Alichokipata ni mstari mmoja wenye namba ya mfanyakazi, 0417, na pembeni yake aliyeitengeneza programu enzi hizo alikuwa ameacha maelezo. Yu akayasoma kwa sauti: “Bwana Hung kasema 0417 asibonyeze tena. Anasumbua.”

Pi-hsia alifuta makombo mezani kwa kiganja.

“Ulibonyeza mara ngapi?” Yu akauliza.

“Mara moja. Mzigo wa Oktoba. Ulikuwa unavuja. Akaufungulia, akaupeleka.”

“Tajiri kaniambia kiini nisikiguse.”

“Basi usikiguse. Usije ukafukuzwa kwa ajili yangu.”

Yu alijikuna kidevu. “Lakini kitufe si kiini, Dada. Kitufe ni sura. Mimi nakitoa hiki, naweka kipya. Na kipya hakijui namba ya mtu.”

Tarehe ishirini, saa tatu kamili asubuhi, sura mpya ikawashwa kwenye kompyuta zote: nyeupe, na kijani cha majani machanga ya chai, na chungwa kwa maonyo. Rangi ilimrudia Pi-hsia kuanzia masikioni. Ikashuka shingoni, ikapita mikononi, ikamaliza kwenye kucha za miguu. Blauzi aliyokuwa akiivaa kila Alhamisi ikabainika kuwa ya zambarau. Bi Tu, jirani yake wa meza, alimkodolea macho.

“Dada Hsia, umekata nywele?”

“Hapana.”

“Kuna kitu lakini,” akasema Bi Tu, akarudi kwenye kazi zake.

Saa nne na robo mstari mmoja kwenye jedwali uling’aa rangi ya chungwa. Ulikuwa mzigo wa vali elfu nne za majiko ya nyumba za kulea wazee, tayari umepakiwa nusu kwenye malori mawili, na wageni wa Osaka wamesimama kando na kofia za usalama vichwani. Pi-hsia alisoma vipimo mara mbili. Kisha akabonyeza Simamisha Mzigo. Kitufe kilizama na kuinuka kama kimetiwa mafuta. Uani, kizuizi cha geti kikashuka mbele ya malori.

Meneja Hung alikimbilia kwanza kompyuta yake kuufungulia mzigo. Kitufe chake kilikuwa kimehamia kwenye menyu mpya, na siku ya mafunzo alikuwa hakuhudhuria. Alifungua menyu nne, akabadilisha ukubwa wa maandishi bila kukusudia, kisha akatoka jasho likimtiririka.

“Nani kasimamisha mzigo?”

“Mimi,” Pi-hsia akasema, na ofisi nzima ikageuka.

“Wewe nani?”

“Shih Pi-hsia. Mkaguzi, namba 0417.”

“Umeajiriwa lini?”

“Kabla yako, Meneja. Mimi ndiye niliyekuonyesha choo kilipo.”

Wafungaji wa maboksi wakacheka. Hung akashika kiuno. “Fungua mzigo! Wageni wanatazama!”

“Sifungui. Kama wanatazama ndiyo vizuri. Waje na huku watazame geji.”

Wakaja. Vali mia mbili zilipimwa mbele yao, moja baada ya nyingine, Pi-hsia akitaja matokeo kwa sauti ambayo mwenyewe alikuwa ameisahau, sauti pana, ya mtu aliyezaliwa karibu na soko. Thelathini na moja zilivuja kwenye mpira. Mgeni mkubwa wa Osaka alivua kofia, akainama mbele ya Pi-hsia mpaka mgongo ukalala sawa kama meza, akabaki hivyo. Tajiri Ko, ambaye si mzito wa kufikiri, akatangaza kwamba katika kiwanda chake mkaguzi ndiye mkubwa na ndivyo ilivyokuwa siku zote. Wafungaji wakapiga maboksi kama ngoma. Wageni waliagiza maradufu ya waliyokuja kuagiza. Mchana Pi-hsia alipokwenda kula, mlango wa kioo ulifunguka yeye akiwa bado hatua kumi, ukamngoja.

Mwisho wa mwezi, Meneja Hung alipewa ngao kwa usimamizi bora wa mfumo mpya. Ilitundikwa ukutani, naye akapigiwa makofi, hata na Pi-hsia, aliyekuwa na kazi mkononi na hakutaka kuchelewa.

Jioni hiyo aliandika tarehe ya mzigo wa Oktoba mahali pa kutafuta. Jedwali likamletea jibu kabla hajaondoa kidole: *Mgahawa wa tambi, Yuanlin. Jiko limeungua. Sababu: uzembe wa mteja. Shauri limefungwa.* Yalikuwa maandishi mazuri, makubwa, yanayosomeka bila kukunja uso.

Akaenda nayo kwa Tajiri Ko. “Hii si kweli, Tajiri. Zilikuwa zinavuja. Nilizisimamisha mimi.”

Tajiri Ko alisoma, akammiminia chai. “Nakuamini, Dada Hsia. Lakini hiyo ni kumbukumbu. Kumbukumbu ni kiini.” Akammiminia tena, ingawa kikombe hakijapungua.

Jumamosi Pi-hsia alipanda basi hadi Changhua, kisha treni hadi Yuanlin. Mgahawa ulikuwapo. Mwenye nao, mzee Bwana Chan, alikuwa na vidole vya mkono wa kushoto vilivyoshikana kwa kovu. Nyuma yake, kwenye jiko lisilo na bomba wala mtungi, moto wa Oktoba ile ulikuwa bado unawaka. Wazima moto walikuja mara tatu, wakajaza fomu, wakaondoka.

“Nimeuzoea,” Bwana Chan akasema. “Unapika vizuri. Ila haupunguzwi wala hauongezwi.”

Pi-hsia akamweleza kilichotokea. Mzee alisikiliza huku akikoroga supu.

“Mke wangu alikufa akiamini nilisahau kufunga gesi,” akasema. “Alikuwa hanigombezi. Alikuwa akiinuka tu kuikagua, kila siku, kabla ya kulala na baada ya kulala.” Akageuka kuelekea picha ya marehemu iliyokuwa ukutani, juu ya vijiti vya ubani. “Sema tena, Dada. Sema kwa nguvu, masikio yake hayakuwa mazuri.”

Pi-hsia akasimama kati ya meza za wateja, nao wakaweka chini vijiti vyao vya kulia. Akasema tena, kwa sauti iliyofika barabarani: namba ya mzigo, tarehe, kipimo cha kila vali, na jina la aliyeufungulia.

Moto haukupungua. Bwana Chan alimtazama mkewe kwa muda, akaitikia kwa kichwa kama aliyejibiwa, kisha akateleka sufuria nyingine.

“Tambi nyembamba au nene?”

“Nene,” Pi-hsia akasema, “na pilipili usiogope.”