Hatua ya Tatu

"Tia sahihi, mdogo wangu, acha ukaidi!"

Dada alikuwa akifoka kwenye simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya mafuta, nami nakunja nguo.

"Mimi huku ugenini mwaka wa kumi na moja. Hakuna anayenisumbua, kweli, lakini hakuna anayenijua pia. Kila mwaka foleni ileile, kibali kilekile. Ninyi huko miaka miwili tu mnapewa uraia, halafu unaleta maringo?"

"Si maringo. Huku hawatoi kitu bure."

"Wametaka nini cha ajabu? Mtoto awe na familia mwenyeji, ajifunze lugha, azoee watu. Sisi huku tungeruka kwa furaha!"

"Asiyejua maana haambiwi maana."

"Basi niambie!"

Nikamwambia. Hatua ya kwanza ilikuwa mtoto ashinde kwa familia hiyo Jumamosi mchana. Ya pili, kulala huko wikendi nzima. Zote nilitia sahihi bila kusoma ukurasa wa nyuma, mimi na diploma yangu. Napiga pasi mashuka ya hoteli siku sita. Nisiseme uongo, mapumziko yale niliyapenda.

Binti yangu tulimwita Chiriku kwa sababu hakuwa akinyamaza. Sasa ananyamaza. Mwezi uliopita alirudi na viatu vya ngozi vilivyochakaa, soli zimelika upande wa nje, vilevile anavyokanyaga yeye. Vilimkaa sawasawa. Juzi namchana nywele, akasema, "Taratibu hapo. Ndipo niliposhonwa nilipoanguka ngazini, nina miaka mitatu."

Tulikuja nchi hii ana miaka sita. Nyumba yetu ya kule nyumbani haikuwa na ngazi.

Nikafunua nywele. Kovu lilikuwepo, jeupe, la zamani.

"Labda hukuwahi kuliona," Dada alisema, lakini sauti ilishuka.

"Mimi niliyemzaa? Niliyemnyoa?"

"Umeuliza ofisini?"

"Nimeuliza. Afisa akafungua faili, akanionyesha picha. Chiriku, miaka mitatu hivi, kichwa kimefungwa bandeji, amekaa mapajani kwa yule mama mwenyeji. Afisa akatabasamu. 'Maendeleo mazuri sana. Wengine huchelewa kufika hapa.'"

Dada akausogeza uso karibu na skrini.

"Na hatua ya tatu ni ipi?"

"Ahamie kwao kabisa. Sisi tutamtembelea Jumamosi."

Kengele ya mlango ililia. Saa mbili kamili; yule mama mwenyeji hachelewi hata dakika. Kutoka nje akaita jina nisilolijua, kwa upole, kama anayemwamsha mtoto wake.

Chiriku akaitika. Akatoka chumbani, begi mgongoni.

"Mama amefika," akaniambia.

"Usifungue!" Dada alinong'ona. "Unanisikia? Usifungue huo mlango!"

"Na uraia?"

"Nyamaza na uraia! Njooni huku. Tutabanana, tutapanga foleni wote."

Fomu ya hatua ya tatu ilikuwa mezani. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku kidogo: *Familia inajitoa. Iondoke nchini ndani ya siku thelathini.* Nikakitia alama, nikatia sahihi, nikapiga magoti na kuisukuma fomu chini ya mlango. Upande wa pili mtu akaivuta, taratibu, mpaka ikapita yote.

Nikageuza ufunguo mara mbili. Kisha nikamvua binti yangu begi na vile viatu, kimoja kimoja, huku akinipiga mateke.